Barua ya wazi kwa wakubwa wa makumbusho: hata sisi wa shangazi kaja ni wasafiri

Wakubwa zangu, shikamooni. Na mbukwenyi pia, kama wanavyosalimia wenyeji wangu Wagogo hapa Dodoma. Naandika kwenu nyie mnaosimamia makumbusho, malikale, maliasili na utalii, na nyie wa jiji letu msikae pembeni mkadhani hayawahusu, maana mi sijui mpaka wa ofisi moja na nyingine unapita wapi, kila nikiuliza naambiwa hiyo siyo sisi mama, ni wenzetu wa jengo lile, nikienda jengo lile narudishwa jengo hili, basi nimeona niandike wazi, itakayemfaa aichukue.

Mimi ni mama wa biashara. Mafuta ya alizeti nanunua Singida nashusha Dodoma, msimu wa mahindi naenda Kibaigwa, kukiwa na oda nafika Arusha, Iringa, mpaka Mbeya. Kwa mwezi nalala safarini siku kumi, kumi na mbili. Mabango ya utalii wa ndani nayaona sana tu, twiga, mlima, familia imevaa kofia inacheka kwenye gari lililofunguliwa juu, na mi niko chini ya bango nimekalia begi langu la shangazi kaja nasubiri basi la saa tisa, najiuliza hivi mimi hapa ni nani jamani, si niko ndani ya nchi na si nasafiri? Sasa mbona kila nikigonga mlango wa makumbusho naonekana kama nimepotea njia?

Ugonjwa wa makumbusho niliupatia Arusha, na niseme ukweli pale nilipokelewa vizuri. Fuso iliyobeba mzigo wangu iliharibika gia, fundi akasema njoo jioni, mvua ikaanza, nikaona jengo jeupe la zamani watu wanaingia nikaingia, nia yangu ilikuwa kujikinga mvua tu nisidanganye. Kumbe ndo lile boma la Mjerumani la mwaka 1900, sasa hivi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Nikakuta habari za mafuvu na za binadamu wa kale, na kaka mmoja akanieleza taratibu bila kunicheka. Habari za Zinjanthropus, lile fuvu Mary Leakey aliloliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959, la miaka kama milioni 1.75. Halafu zile nyayo za Laetoli zilizofukuliwa 1978, miaka milioni 3.6, kwamba volkano ilimwaga majivu, ikanyesha mvua kidogo, majivu yakawa kama udongo wa kufinyangia, wakapita wawili watatu kwa miguu wanaenda zao, majivu yakakauka yakawa magumu kama sakafu ya saruji, yakaja majivu mengine juu yakafunika. Hicho tu. Watu walikuwa wanapita. Nilisimama pale viatu vimelowa chapachapa nikawa nawaza hawa walikuwa wanatoka wapi, wanawahi nini, mmoja ana mguu mdogo labda ni mtoto au mama. Fundi alinipigia simu mara nne sikusikia.

Tangu siku hiyo kila mji ninaoshusha mzigo nauliza, hapa kuna makumbusho? Na hapo ndo kero ilipoanza.

Nitawapa moja, mji siutaji wala jengo silitaji, sikuja hapa kumharibia mtu kazi, ila haikuwa Dodoma na haikuwa Arusha. Jumamosi, saa nne asubuhi, nina masaa matano kabla ya gari. Nikafika getini na begi langu. Mlinzi ananiangalia mimi, anaangalia begi, ananiangalia tena. Mama unauza nini? Siuzi, nimekuja kuangalia. Kuangalia nini? Nikamwambia si hapa ni makumbusho. Akaniuliza umetoka na shule gani, nikasema sijatoka na shule, basi una barua? Barua ya nini mwanangu? Ya kuomba kutembelea. Yaani mtu mzima na wajukuu naombwa barua ya kwenda kuangalia ngozi ya chui ambaye ameshakufa! Na wakati tunabishana ikaja gari ikashusha Wazungu wawili, hawakuulizwa barua wala shule, waliulizwa wanaendeleaje.

Baadaye nikakubaliwa. Kulipa sasa. Noti nimeshika mkononi, dada wa kaunta anasema hatupokei keshi, mpaka kontroo namba. Sawa, nitolee kontroo namba. Mtandao unasumbua. Nikakaa kwenye benchi dakika arobaini nasubiri namba ya kulipia hela ambayo haifiki hata bei ya chipsi mayai. Mi sina ugomvi na kontroo namba, najua hela ya umma ilikuwa inaishia mifukoni mwa watu huko nyuma, ila jamani mtandao ukikata kuwe na njia ya pili, hata kitabu cha risiti cha dharura, maana msafiri dakika arobaini ndo muda wake wote wa kuangalia.

Begi nalo. Hakuna pa kuliacha. Mlinzi hataki kulichukua, anasema likipotea utasema mimi, na ndani haliingii. Nikaenda kuliacha kwa mama anayekaanga chapati nje ya geti, simjui hanijui, nikampa jero ya kulindia akakataa akasema nenda tu dada yangu ukaangalie, mi mwenyewe nina miaka sita hapa nje sijawahi kuingia. Miaka sita! Nikamuuliza kwa nini, akasema ile ni ya wanafunzi na wageni.

Huyo mama wa chapati kaielewa sera yenu kuliko mimi, na hajaisoma popote. Ameiona tu kwenye geti.

Haya ndani. Umeme umekatika, nikawashia tochi ya simu. Chui amekaushwa, jicho moja limedondoka limebaki tundu na pamba inachungulia, hilo mi nilisamehe, vitu vinazeeka. Ambacho sikusamehe ni vibao. Kila kibao Kiingereza, na chini yake jina la Kilatini, basi. Ndege huyu namfahamu, kwetu Kondoa nimemfukuza kwenye mtama utoto wangu wote, namjua kwa Kirangi, namjua kwa Kiswahili, lakini pale kwenye kibao chake mi na yeye hatufahamiani kabisa. Kuna baba mmoja alikuwa na mtoto wake wa kike, wa darasa la nne hivi, mtoto anauliza baba hii imeandikwaje, baba anasoma soma pale anakohoa anasema tuendelee mbele mama. Wakaenda chumba cha pili, tuendelee mbele. Walimaliza jengo zima kwa dakika kumi, wakatoka. Yule baba ataleta tena mtoto? Si afadhali akampeleke kwenye bembea.

Najua mtaniambia vibao viliwekwa zamani, na bajeti, na watalii wa nje ndo wanaleta dola. Sasa nisikilizeni nyingine hii.

Mtoto wa marehemu dada yangu yuko Ujerumani anasoma. Mwaka juzi alinipigia video WhatsApp, mama mdogo, mama mdogo usikate, angalia niko wapi. Akageuza simu. Nikaona mfupa, akapandisha, mfupa, akapandisha, mfupa, shingo haiishi, mpaka simu ikaganda bando likanikatia katikati ya shingo, nikaenda dukani kwa haraka nikaweka la jero akapiga tena. Alikuwa Berlin kwenye makumbusho ya viumbe, chini ya mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi. Wote tunamjua mjusi kwa jina, suala lake limeulizwa bungeni hapa hapa Dodoma si mara moja, lakini kumuona nilikuwa sijawahi. Urefu kwenda juu mita 13.27, ghorofa nne hiyo. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Walimchimba Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, wakabeba mifupa zaidi ya tani 200, ya kwake na ya wenzake, na aliyebeba ni nani? Hakukuwa na Fuso. Ni watu, vichwani na mabegani, kwa miguu siku kadhaa kutoka porini Tendaguru mpaka bandarini Lindi, safari kwa safari kwa safari, watu ambao Majimaji ilikuwa imewapitia juzi tu hapo, njaa imewapitia. Kule Berlin wakaja kumsimamisha 1937. Na Mwingereza naye alivyoshika nchi akaja akachimba tena, 1924 mpaka 1931, mifupa ikaenda London.

Mimi kubeba najua. Ndoo ya lita ishirini ya mafuta kutoka kwenye gari mpaka stoo inanitosha kusema leo imetosha. Kwa hiyo nilimuuliza kijana, hao waliobeba wameandikwa hapo? Akasema subiri nitazame. Akaja kuniambia kuna mnyapara wao mmoja, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi pale machimboni na fundi hodari wa kuitoa mifupa kwenye mwamba bila kuivunja, na mwaka 2007 kuna mjusi mwingine wa Tendaguru akapewa jina la kisayansi kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Boheti! Jina la mnyapara wa Kusini limo kwenye vitabu vya dunia nzima na mimi Mtanzania nimelisikia kwa video kutoka Berlin bando likiwa linaisha.

Halafu nikamuuliza, hayo maandishi ya ukutani ni lugha gani? Akanicheka, mama mdogo si Kijerumani, na pembeni Kiingereza cha wageni.

Wakubwa mmeelewa ninachosema? Mjusi wa Lindi, Mjerumani anamweleza mtoto wake kwa Kijerumani kwanza. Mgeni baadaye. Sisi vitu vyetu, nchini kwetu, tunajieleza wenyewe kwa lugha ya mgeni, na mwenyewe hata baadaye hayupo. Na msiniambie Kiswahili hakiwezi sayansi maana wenzenu wa mawe wameshawaumbua. Kuna mjusi wa kale alitangazwa 2017, ametoka Songwe, anaitwa Shingopana songwensis. Shingopana! Kuna mwingine 2019, kapatikana kwenye korongo la mto Mtuka huko huko kusini magharibi, anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu mifupa ya mkia wake ina umbo kama la moyo. Profesa wa Marekani, Mchina, Mrusi, akitaka kumtaja huyo mnyama hana ujanja lazima atamke mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Dunia inasema Kiswahili halafu kibao cha ndege wa kwetu hakisemi.

Nimerefusha eeh. Vumilieni, na Dodoma bado sijaigusa.

Hapa kwetu ni katikati ya nchi, na watu wote wanapita hapa. Anayetoka Mwanza kwenda Dar anapita, wa Kigoma anapita, wa Mbeya anayekwenda Arusha kupitia Iringa anapita, na hii reli ya mwendokasi iliyoanza 2024 imefanya mtu wa Dar aje asubuhi amalize shida yake wizarani arudi jioni. Nenda pale stendi ya Nzuguni saa sita mchana uhesabu watu wamekaa kwenye mabegi. Wana masaa mawili, matatu, manne. Wanafanya nini? Wanachaji simu. Wengine wanakula zabibu hazijaoshwa. Mtu anakaa makao makuu ya nchi masaa manne akiondoka anachokumbuka ni vumbi na bei ya maji.

Na wakati amekalia kitu! Amekalia mwamba. Huu mwamba wa katikati ya Tanzania, haya majabali mnayoyaona yamepandana kila upande wa mji mpaka mtu mgeni anauliza nani ameyapanga, ni katika miamba mikongwe sana ya Afrika, umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Mjusi wa Tendaguru kwa huyu ni mtoto wa juzi. Halafu ukienda magharibi kidogo, Bahi unashuka, mbele huko unapanda ule ukingo wa Kilimatinde, madereva wanaujua kwa injini zinavyolia, huo ndo ukingo wa bonde la ufa, ardhi ilikatika ikashuka na bado inahangaika ndo maana mara moja moja vyombo vinagongana kabatini. Nimepita pale miaka na miaka nadhani ni kilima tu cha kumaliza dizeli, hakuna hata kibao kimoja cha kuniambia mama unapita kwenye ufa.

Mbele zaidi Itigi. Vile vichaka vya Itigi abiria wanasema ni pori bovu, halina miti ya maana. Kumbe ni kichaka cha aina yake, kimebanana mpaka mbuzi anafikiria mara mbili kuingia, na ukitoa Itigi kichaka cha namna ile unakwenda kukikuta tena kaskazini mwa Zambia, upande wa ziwa Mweru Wantipa na ziwa Tanganyika. Sekenke huko mbele ya Singida dhahabu ilichimbwa tangu wakati wa Mjerumani. Singida mjini ziwa liko katikati ya nyumba za watu na flamingo wamesimama kwenye chumvi kama wamekodishwa. Mi nashusha mzigo hapo kila wiki, basi.

Na Kondoa kwetu ndo niseme nini. Michoro ya Kolo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006, mapango na miamba yenye michoro ipo zaidi ya mia na hamsini, twiga, tembo, pofu, watu wenye vichwa vya ajabu, rangi nyekundu iliyokaa miaka elfu na elfu, ile nyeupe ni ya baadaye kidogo. Sisi tukiwa wadogo tulikatazwa kwenda kuchezea kule, pana heshima yake, wazee bado wanakwenda kwa matambiko. Huyo mchoraji wa zamani alikuwa anajua wanyama kuliko hivyo vibao vyenu, nawaambia, twiga wake ukimuona unajua anakimbia.

Kondoa ina jingine ambalo hakuna mtu anayelifikiria kama la makumbusho. Makorongo. Baba yangu alikuwa na ng'ombe upande wa Haubi. Mradi wa HADO ulianza 1973, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na maji mpaka korongo moja linameza nyumba, na 1979 ikaja amri mifugo yote itoke. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka siku wanaondoka, vumbi, mama yangu anamuita ng'ombe mmoja kwa jina na ng'ombe anageuka. Baba hakula siku mbili. Tulilaani sana. Halafu miaka ikaenda majani yakarudi, miti ikarudi bila mtu kuipanda, chini ya lile korongo tulilokuwa tunaogopa watu sasa wanalima. Nani alikuwa sahihi? Baba alikufa hajakubali, na mi mpaka leo sina jibu zima. Hiyo si historia ya viumbe? Udongo, ng'ombe, mvua, mtu. Wekeni chumba kimoja cha korongo la Kondoa, picha ya wakati ule na picha ya sasa, udongo wenyewe kwenye kioo tabaka kwa tabaka, na sauti za wazee waliobaki wakisimulia maana wanaisha, mtajaza watu nawahakikishia, na watabishana humo ndani mpaka mfunge.

Dodoma tuna mwanzo tayari. Ofisi ya jiolojia ya nchi ipo hapa tangu 1925, kabla hata hapajafikiriwa kuwa makao makuu, na mkusanyiko wa mawe na madini upo, hilo nalipongeza kwa mikono miwili. Ninachoomba ni lile wazo likuzwe, iwe nyumba ya viumbe na ardhi ya kanda ya kati, mawe yakae na mbuyu, mbuyu ukae na ng'ombe wa Mpwapwa, na yule tembo wa hadithi ya Wagogo aliyedidimia kwenye matope mji ukapata jina naye awepo mlangoni watoto wapigie picha. Na mjusi wa Tendaguru awepo, wa kuigiza, wa plasta, siombi wa kweli maana huo ugomvi ni wenu na Wajerumani, mi naomba tu mtoto wa Chamwino asimame chini ya mguu wake ajipime. Na pembeni yake muweke mtu wa plasta amebeba mfupa kichwani.

Kabla hamjajenga lolote lakini, maana kujenga najua mtaunda kamati na kamati itaomba posho, kuna mambo hayahitaji tofali. Fungueni Jumapili na sikukuu, sisi ndo tunapata nafasi hizo siku, na kama mfanyakazi anahitaji kupumzika apumzike Jumatatu kama vinyozi. Mlinzi aambiwe neno moja, karibu, hayo ya barua na shule yakome, shule zenye mabasi matatu ndo ziandike barua. Chumba cha mizigo, hata kontena kuukuu lenye kufuli na vibandiko vya namba, mtu alipe mia tano, mbona stendi vijana wanafanya na hawajasomea. Pale Nzuguni na pale stesheni ya treni wekeni kabati moja la kioo, moja tu kwa kuanzia, mawe matano ya Dodoma na maelezo mafupi, na chini yake pameandikwa ukitaka kuona mengine panda bajaji nauli kadhaa, dakika kadhaa. Mtu wa masaa mawili ajue anawahi kurudi.

Na vibao. Kiswahili kwanza, herufi kubwa za kusomeka na sisi wenye macho ya jioni. Na msichukue Kiingereza mkakitia kwenye simu kikatoka Kiswahili cha kulazimisha, nimeviona hivyo, sentensi tatu hujui kama mnyama alikula au aliliwa. Mchukueni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, wapo wastaafu wazuri kabisa wamekaa nyumbani, mpeni chai na posho yake aandike kama anavyomwambia mtoto. Na jina la kienyeji liwepo. Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kisandawe. Msandawe ana jina la mti ambao nyie mnauita pori.

Kwenye ile ya Jumamosi nilisahau kumtaja kijana mmoja na ni dhambi nisipomtaja. Alikuwa anajitolea, halipwi, nadhani bado mwanafunzi. Alinikuta nimeinama na tochi kwenye kibao nahangaika akasema mama ngoja. Akazunguka na mimi jengo lote kwa Kiswahili, akanieleza kwa nini kima wa porini kule ana rangi vile, akanifungulia droo ya vipepeo waliobanwa na pini, akaniambia huyu wa bluu ukimgeuza chini ni kahawia ili akifumba mbawa ndege asimuone. Nikamgeuzia tochi kweli. Masaa mawili yakapita nikakimbilia gari nusu niachwe. Sikuwa na cha kumpa zaidi ya lita moja ya alizeti, na hiyo ilikuwa kwenye begi kwa mama wa chapati, tukaenda wote mpaka getini kuichukua, na pale nje yule kijana akamwambia mama wa chapati mama na wewe siku moja ingia basi nitakuzungusha, mama akacheka akasema chapati nitamwachia nani.

Mi ningependa hao wawili muwaanzie. Kijana apewe mkataba. Mama apewe tiketi ya bure na mtu wa kumkalia kwenye jiko lake saa moja.

Mwezi ujao nina mzigo wa kupeleka upande ule ule, Jumamosi tena, safari hii nakwenda na mjukuu wangu wa miaka saba ambaye nimeshamsimulia habari za kipepeo na kila siku ananiuliza lini. Tutafika getini saa nne. Barua sina.

Mama wa alizeti, Dodoma